Aitaye Umati Ana Deni

Furaha ya mtu ni kama moshi wa jiko lake: haukai ndani ya kuta zake. Hutoka dirishani, ukaingia nyumba ya pili bila kubisha hodi. Kwa hiyo mtu mwenye busara, kabla ya kuwasha moto mkubwa, hutazama kwanza upepo unaelekea wapi. Insha hii yahusu moto wa namna hiyo. Hautumii kuni; hutumia taa, vitambaa, rangi na mifupa ya plastiki, nao huwashwa kila mwaka katika mitaa ya Marekani zifikapo siku za mwisho za mwezi wa Oktoba.

Sikukuu yenyewe huitwa Halloween, na usiku wake ni wa tarehe 31 Oktoba. Katika usiku huo watoto huvaa mavazi ya kuigiza, wakapita nyumba kwa nyumba na mifuko mikononi, wakibisha milango na kupewa peremende. Hili ni jambo dogo na la kupendeza. Lakini kando yake limeota jambo kubwa. Wapo watu wasiotosheka na boga moja lililochongwa macho na meno, likatiwa mshumaa na kuwekwa kizingitini. Hao hugeuza ua mzima kuwa makaburi ya mchezo. Husimamisha mawe ya makaburi yasiyo mawe, hutandaza utando wa buibui juu ya miti, huning'iniza mizimu darini, hufukiza moshi bandia na kutoa vilio vya kutisha katika vipaza sauti. Mwaka 2020 maduka ya Home Depot yalianza kuuza kiunzi cha mifupa ya mtu chenye kimo cha futi 12, kwa bei ya dola 299, nacho kikagombaniwa hata kikaisha madukani. Shirikisho la Taifa la Wauza Rejareja la nchi ile lilikadiria kwamba katika mwaka 2023 watu wangetumia dola bilioni 12.2 kwa ajili ya Halloween, na kati ya hizo bilioni 3.9 zingekuwa za mapambo peke yake.

Nyumba iliyopambwa hivyo haifichiki. Mpita njia mmoja huipiga picha kwa simu, picha ikaenea mji mzima, na pengine nchi nzima. Usiku wa pili huja magari kumi, wa tatu mia. Mtaa uliojengwa ili watu walale hugeuka uwanja wa maonyesho. Magari husimama mbele ya malango ya watu wengine, wageni hukanyaga bustani wasizozipanda, taka hubaki njiani, na mama mwenye mtoto mchanga husikiliza vilio vya mizimu hata usiku wa manane.

Watu hutoa hukumu mbili juu ya jambo hili, nami nazikataa zote mbili.

Hukumu ya kwanza husikika sana kwetu. Wapo wahubiri, na walimu pia, ambao wakiziona picha za nyumba hizo husema mara moja kwamba huo ni uganga na ibada ya shetani, kisha huona wamemaliza kazi. Mtu hana budi kuheshimu dini ya mwenzake, na asiyetaka sikukuu hii nyumbani mwake asiilete. Walakini, kumtupia shetani kila kosa ni njia ya kukwepa kuwahukumu binadamu. Mifupa ya plastiki haijamdhuru mtu. Aliyeziba njia ya jirani kwa magari mia mbili amemdhuru, hata kama ua wake umejaa malaika badala ya mizimu.

Hukumu ya pili husikika sana kwao. Husema: nyumba ni yangu, ua ni wangu, fedha ni zangu, asiyependa asitazame. Maneno haya yana sauti ya uhuru, na kwa hiyo huwavutia vijana. Lakini ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni hatari kuliko uongo mtupu, kwani uongo mtupu hujulikana upesi.

Shauri langu ni hili: haki ya kupamba nyumba ni ya mwenye nyumba, lakini haki ya kukusanya umati mahali wanapokaa watu wengine si yake peke yake. Aitaye umati ana deni kwa mtaa mzima, nalo deni hilo hulipwa kabla ya umati kufika.

Ili tuone uzito wa deni hilo, yafaa kutazama desturi hii ilikotoka. Waselti wa kale walikuwa na sikukuu yao, Samhain, iliyofunga msimu wa mavuno na kufungua majira ya baridi. Baadaye Kanisa la Roma liliiweka sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na jina la Halloween lilitokana na mkesha wa siku hiyo. Njaa kuu ya Ireland, iliyoanza mwaka 1845, iliwatupa watu wengi ng'ambo ya bahari, nao walikwenda Marekani na desturi zao. Kwao walikuwa wakichonga taa katika tanipu. Huko ugenini wakakuta boga, ambalo ni kubwa zaidi na jepesi kuchongwa.

Lakini peremende zilikuja kwa njia nyingine, na hapa ndipo penye mafunzo. Mwanzoni mwa karne ya 20 usiku wa Halloween katika miji ya Marekani ulikuwa usiku wa utundu. Vijana waling'oa malango, walivunja madirisha na kuharibu mali. Katika miaka ya 1930 uharibifu ulizidi hata wazee wakachoka. Badala ya kutegemea rungu la polisi peke yake, watu walitafuta suluhu: wakawaandalia vijana karamu, na wakawazoeza watoto kubisha hodi na kupewa kitu kitamu. Vita vikuu vya pili vilileta mgawo wa sukari, desturi ikafifia. Mgawo ulipoondolewa mwaka 1947 ikaenea nchi nzima. Basi ile peremende inayotiwa mfukoni mwa mtoto ni alama ya mapatano. Mlango unafunguliwa, mkubwa na mdogo wanatazamana usoni, na kila mmoja anamwambia mwenzake, pasipo kusema, kwamba hatamdhuru. Desturi iliyoenea ili kuponya ujirani haifai kutumiwa kuuvunja.

Sasa na tuzisikilize hoja za wapambaji, kwa kuwa mshitakiwa asiyesikilizwa hahukumiwi kwa haki.

Hoja ya kwanza ni ile ya mali: ua ni wangu. Hoja hii ilikwisha kupelekwa mahakamani, ingawa si kwa Halloween bali kwa ndugu yake, Krismasi. Katika mji wa Little Rock, jimbo la Arkansas, tajiri mmoja jina lake Jennings Osborne alianza mwaka 1986 kuipamba nyumba yake kwa taa, baada ya kuombwa na binti yake mdogo. Taa zilianza kwa kiasi cha elfu moja. Baada ya miaka michache zilipita milioni 3, na magari ya watazamaji yakaifunga barabara. Majirani walimshitaki. Hawakusema kwamba taa ni mbaya. Walisema kwamba hawawezi kutoka wala kuingia majumbani mwao, na kwamba mtu akiugua, gari la wagonjwa halitamfikia. Mahakama iliamua kwamba maonyesho yale yamekuwa kero, ikayawekea mipaka. Osborne alikata rufani, na mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Arkansas iliithibitisha amri. Alipokwenda mpaka kwenye mahakama ya juu ya nchi nzima, Jaji Clarence Thomas alikataa kuisimamisha.

Kisa hicho kina mwisho unaofaa kukumbukwa. Taa zile hazikutupwa. Zilihamishiwa katika bustani ya burudani ya Disney huko Florida, nazo ziliwaka huko wakati wa Krismasi kati ya mwaka 1995 na mwanzo wa mwaka 2016. Huko zilikuta viwanja vya kuegesha magari, walinzi, vyoo na malango mapana. Taa zilezile zilizokuwa adha katika mtaa zikawa furaha tupu katika bustani. Basi ubaya haukuwa katika taa. Ulikuwa katika kulitia jambo kubwa ndani ya chombo kidogo, kama mtu atakaye kumimina pipa la maji katika kikombe, kisha akalilaumu sakafu kwa kulowa.

Hoja ya pili husema kwamba ni siku chache tu, na hakuna aumiaye. Hoja hii yahitaji hesabu badala ya maneno. Mwaka 2018 wataalamu walitoa katika jarida la kitabibu uchunguzi wao juu ya vifo vya waendao kwa miguu Marekani tangu mwaka 1975 hata 2016. Walizilinganisha jioni za Halloween na jioni za juma moja kabla na juma moja baada yake. Waliona kwamba hatari ya mtu aendaye kwa miguu kuuawa na gari ilizidi kwa asilimia 43 katika jioni ya Halloween, na watoto ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi. Sisemi kwamba mapambo ndiyo yaliyowaua. Giza, haraka, ulevi na mavazi meusi vina sehemu zao. Nasema hivi: usiku ambao barabara tayari ni ya hatari kuliko nyingine, ndio usiku ambao mtu mmoja anaita mamia ya magari katika njia ambamo watoto wanavuka. Je, mtu mwenye akili timamu aweza kusema jambo hilo halimhusu?

Hoja ya tatu ni nzuri kuliko zote, nayo husema: twawafurahisha watoto, na wengine wetu huchangisha fedha za wagonjwa. Hoja hii yastahili heshima. Mtu aliyefanya kazi tangu Agosti, akishona, akipaka rangi na kuunganisha nyaya, ili mtoto asiyemjua acheke usiku mmoja pasipo kulipa senti, si mtu mbaya. Katika nchi ambayo karibu kila burudani inauzwa, yeye ametoa yake bure. Lakini tuulize: ametoa mali ya nani? Jasho ni lake, na fedha ni zake. Hizo ni sadaka halali. Usingizi ni wa jirani, na njia ni ya watu wote. Hivyo hawezi kuvitoa kwa niaba ya wengine bila kuwauliza. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Huku mgeni anakuja, mmoja anasifiwa, na mwenyeji wa nyumba ya pili anaugua.

Pengine mtu atasema kwamba hata mji mzima hualika umati kwa ajili ya sikukuu hii, kwa nini nyumba moja isifanye hivyo? Ni kweli. Mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts una watu wasiofika elfu 50, nao hupokea katika mwezi wa Oktoba wageni wanaokadiriwa kufika milioni 1. Huja kwa sababu ya sifa ya mahali pale, ambapo mwaka 1692 watu walishitakiwa uchawi, 19 wakanyongwa, na mzee mmoja akafa akielemezwa mawe. Lakini Salem ina baraza lililochaguliwa, ina polisi, hufunga barabara kwa mpango, huwasihi wageni waje kwa garimoshi, na wenyeji wasioridhika wana mahali pa kupeleka lawama zao na kura ya kuzitilia nguvu. Mwenye nyumba aliyepamba ua wake hakuchaguliwa na mtu. Akijitwalia mamlaka ya mji pasipo wajibu wa mji, hana budi kuulizwa ameyapata wapi.

Nimesema maneno makali kwa wapambaji. Haki yanitaka niwaambie majirani nao neno. Si kila chuki ni madhara. Mwaka 2020 katika mji wa Dallas, Texas, mtu mmoja alijaza mbele ya nyumba yake sanamu za maiti na damu bandia nyingi, hata polisi wakaitwa zaidi ya mara moja. Walikuta damu ya rangi na maiti wa kutengenezwa. Watu waliudhika, na mimi pia nisingependa mwanangu mdogo apite pale. Walakini, mtu hakosi kwa sababu tu hatupendi anachopenda. Tukiruhusu kila jirani kuzima asichokipenda, leo yatazimwa mafuvu, kesho nyimbo za harusi, kesho kutwa sala za dini isiyo yetu. Jirani ana haki ya kulinda njia yake, usingizi wake na usalama wa watoto wake. Hana haki ya kutawala macho ya watu wengine. Mpaka huo, kati ya linaloudhi na linalodhuru, ndio mpaka ambao kila kijana apaswa kujifunza kuuona, kwa sababu magomvi mengi ya duniani hutokea pale ambapo umefutika.

Basi deni la mwenye kuita umati hulipwaje? Jibu laonekana katika kisa cha mwaka 2022, mjini Plainfield, jimbo la Illinois. Familia moja ilipamba nyumba kwa kuigiza mchezo wa televisheni uitwao Stranger Things, na katika mapambo hayo mlikuwa na sanamu ya msichana iliyoelea hewani pasipo kamba wala nguzo kuonekana. Picha zake zilienea duniani na umati ukaja. Jirani alilalamika, na wenye nyumba wakayafunga maonyesho kwa muda. Baadaye mashauri yalifanywa, yakapatikana mapatano, na maonyesho yakafunguliwa tena. Angalieni utaratibu wake: lalamiko, kuzima, kuzungumza, kuwasha. Waliokubali kuzima ndio waliopata kuwasha kwa amani. Lakini ingekuwa heri zaidi mazungumzo yangetangulia, maana hodi inayobishwa baada ya ugomvi ni nzito kuliko ile inayobishwa kabla yake.

Mimi ningemtaka kila mpambaji afanye mambo manne. Kwanza, abishe hodi kwa majirani wote kabla ya kuweka msumari wa kwanza, awaambie anataka kufanya nini, na asikilize. Pili, aweke saa ya kuwasha na saa ya kuzima, na saa hiyo iheshimiwe hata kama watazamaji wamejaa. Tatu, aizungumze njia na wakuu wa mji, ili magari yapate pa kusimama, na gari la wagonjwa na la zimamoto yapate pa kupita. Na asubuhi aokote taka kwa mikono yake, mbele ya kila nyumba, si mbele ya yake tu. Nne, na hili ndilo gumu, awe tayari kupunguza. Mtu asiyeweza kupunguza kitu alichokianza kwa hiari hakimiliki tena. Kitu hicho ndicho kinachommiliki yeye.

Mtu atadakia: masharti haya yataiua furaha. Nakataa. Yataua majivuno, nayo furaha itabaki. Tofauti kati ya mambo hayo mawili si ngumu kuipima. Furaha hutaka mwenzako afurahi pamoja nawe. Majivuno hutaka mwenzako akutazame. Mwenye furaha humwuliza jirani, "Je, tukusumbua?" Mwenye majivuno huuliza, "Je, wamekuja wangapi?" Naye mtu akishaanza kuhesabu watazamaji, mwaka wa pili hutaka zaidi ya mwaka wa kwanza; kiunzi cha futi 12 huonekana kifupi, na watoto, ambao sikukuu ilikuwa yao, husukumwa kando na wakubwa wanaotafuta picha.

Vijana wasomaji, wapo ndugu zetu waliohamia Marekani, na watoto wao hubeba mifuko usiku ule kama watoto wengine. Huenda baadhi yenu mtafika huko kwa masomo au kwa kazi, mkakuta mtaa wenu umejaa maboga na mizimu. Msikimbie kwa hofu, wala msilewe kwa kustaajabu. Itazameni nyumba iliyopambwa, kisha geuzeni macho mwitazame nyumba iliyo kando yake. Taa yake ya mlangoni ikiwa inawaka, na mwenyewe amesimama kizingitini akiwagawia watoto peremende, jueni kwamba mpambaji amelipa deni lake. Ikiwa imezimwa, mapazia yamefungwa na gari limezibiwa njia, basi hata mapambo yawe mazuri namna gani, yamejengwa kwa mali ya mtu ambaye hakuulizwa.